Kiegemeo cha Patasi: Kukereza Ndani ya Bakuli na Somo la Nyenzo

Mwalimu mwanafunzi anapopangiwa kipindi cha kazi za mikono, fikira zake aghalabu huelekea kwanza kwenye kitu kitakachotengenezwa, na baada ya hapo kwenye makali yatakayokitengeneza. Bakuli liwe la ukubwa gani? Patasi imenolewa? Ni wachache wanaokifikiria kile kipande cha chuma ambacho patasi hulazwa juu yake wakati mti unapozunguka, nacho ndicho kinachoamua kama mkono utaitawala patasi au la.

Makala haya yanahusu kipande hicho, ambacho tutakiita kiegemeo. Tunakusudia kueleza jinsi kinavyochaguliwa kwa kazi ya kukereza ndani ya bakuli la mti, kazi iliyo ngumu kuliko kukereza nje, na jinsi uchaguzi huo unavyoweza kugeuzwa kuwa somo la nyenzo kwa watoto wa shule ya msingi, hata pale ambapo shule haina kerezo.

Tuanze na yaliyotupata. Miaka kadhaa iliyopita, katika karakana ya chuo kimoja, mwanachuo alikuwa akikereza bakuli la mti wa mwembe lenye upana wa sentimeta 25. Upande wa nje aliumaliza vizuri, akakihamisha kiegemeo kikae mbele ya mdomo wa bakuli, akaanza kuchimba ndani. Kiegemeo kilikuwa kile kile kirefu kilichonyooka alichokitumia kwa nje. Sentimeta mbili za kwanza zilikwenda vyema. Ya tatu na ya nne pia. Kadiri shimo lilivyozidi kwenda chini ndivyo alivyozidi kuisukuma patasi mbele, na kiegemeo kikabaki pale pale mdomoni, kwa kuwa urefu wake haukukiruhusu kuingia. Alipofika kina cha sentimeta 11 hivi, makali yalinasa. Ncha ya patasi ilipigwa chini, mpini ukaruka ukamgonga tayani, na kidole cha mkono wa kushoto, uliokuwa umeishika patasi karibu na kiegemeo, kikabanwa kati ya chuma na chuma. Bakuli lilipasuka vipande viwili. Kidole kilipona baada ya majuma sita, ila ukucha haukurudi kama ulivyokuwa. Sisi tuliokuwapo tulikuwa tumemwonya juu ya miwani ya kukinga macho, juu ya mikono ya shati na juu ya kunoa. Habari ya kiegemeo hatukumwambia neno.

Jibu letu la kwanza tulilipata Kingolwira. Wasomaji wa Morogoro wanapafahamu mahali hapo: ni mashariki ya mji, upande wa njia ya Dar es Salaam, milima ya Uluguru ikionekana kusini, wengi wengine nchini wanapajua kwa sababu ya gereza lake tu. Wanachuo wetu waliokuwa huko kwa mazoezi ya kufundisha walitupeleka kwa fundi mmoja anayekereza vinu vidogo vya kutwangia vitunguu saumu, na mabakuli mara chache, anapoagizwa. Kerezo lake lilikuwa la kuungaunga: mota ya umeme iliyotoka katika mashine nyingine, mkanda, na mhimili uliofungwa juu ya fremu ya chuma. Hapakuwa na kitu cha kumstaajabisha mgeni isipokuwa ukutani, ambapo vilitundikwa viegemeo vitano. Kimoja kirefu kilichonyooka. Viwili vifupi, na kimojawapo kilikuwa na upana wa vidole vinne tu. Kimoja kilichopindwa kama mundu. Na kimoja kilichokunjwa mfano wa herufi L. Patasi zake zilikuwa tatu.

Mwanachuo mmoja aliuliza kwa nini mtu mwenye patasi tatu awe na viegemeo vitano. Fundi hakutoa maelezo marefu. Kerezo likiwa limezimwa, alimpa patasi, akamwambia ailaze juu ya kiegemeo, ncha ikiwa imetokeza kidogo tu, aushike mpini kwa nguvu. Kisha akaibonyeza ncha kwa kidole kimoja. Patasi haikwenda popote. Akaisogeza mbele mpaka ncha ikatokeza kiasi cha shubiri moja, akaibonyeza tena kwa kidole kile kile, na mara hii mpini ukainuka mkononi mwa mwanachuo, ingawa alikuwa ameukamata barabara.

Mwalimu wa sayansi atalitambua jambo hili mara moja. Patasi iliyolazwa juu ya kiegemeo ni nyenzo. Kiegemeo ndicho egemeo; msukumo wa mti unaoyakandamiza makali ndio mzigo; nguvu ya mkono ulioshika mpini ndiyo jitihada. Egemeo limo kati ya mzigo na jitihada, kwa hiyo ni nyenzo ya daraja la kwanza, jamaa moja na mkasi na mtaimbo na ule ubao ambao watoto huupanda wawili wawili, mmoja akienda juu na mwenziwe chini. Tunawafundisha watoto majina haya matatu kila mwaka, nao huyaandika sawasawa katika mtihani. Ni mara chache tunawaonyesha mahali ambapo egemeo likikaa sentimeta chache mbali na linapostahili kukaa, mtu huumia.

Tuzitazame hesabu zake. Tuchukue patasi ambayo kutoka kwenye makali hadi mkono wa nyuma ni sentimeta 50. Ikitokeza sentimeta 2 kupita kiegemeo, upande wa mkono unabaki na sentimeta 48, na mkono una faida ya mara 24. Ikitokeza sentimeta 5, faida ni mara 9. Ikitokeza 10, ni mara 4. Ikitokeza 15, ni mara 2 na theluthi moja. Sasa tuseme makali yamenasa, na mti umeyasukuma chini kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 20. Katika hali ya kwanza mkono utatakiwa kuzuia uzito usiofika kilo moja. Katika ya pili, kilo 2 na kidogo. Katika ya tatu, kilo 5. Katika ya nne, zaidi ya kilo 8, tena ghafla, katika mkono ambao kitambo kidogo kabla yake haukuhisi kitu.

Neno "ghafla" lisidharauliwe. Ukingo wa bakuli la sentimeta 25 linalozunguka mara 800 kwa dakika husafiri mita 10 na nusu hivi kwa kila sekunde. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mbio za mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, mwendo wake wa wastani ulikuwa mita 7 kwa sekunde. Mtu huhitaji karibu sehemu ya tano ya sekunde ili mkono wake uanze kuitikia jambo asilolitazamia, na katika muda huo bakuli hilo limekwisha kuzunguka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo tusimwambie mwanafunzi awe "mwangalifu" halafu tukaridhika. Uangalifu hauwahi. Kinachowahi ni kiegemeo kilichokwisha kuwekwa mahali pake kabla mota haijawashwa.

Nje ya bakuli jambo hili si gumu, kwa sababu hakuna kinachozuia kiegemeo kusogezwa karibu na mti. Ndani, ukuta wa bakuli wenyewe unakizuia. Kila sentimeta unayochimba inayaondoa makali kutoka kwenye kiegemeo, na kiegemeo hakina budi kuyafuata. Basi swali la kwanza la mwenye kuchagua ni hili: kitaingia? Umbo lake ni swali la pili. Pima mdomo wa bakuli kwa ndani, na kiegemeo ambacho urefu wake unazidi nusu ya kipimo hicho ukiweke kando, maana hata kama kitaingia, hakitapata nafasi ya kugeuzwa kuuelekea ukuta.

Kiegemeo kifupi kilichonyooka, cha sentimeta 10 hivi, kinafaa kwa kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kikiingizwa mshazari katika bakuli lenye mdomo wa sentimeta 20 kinaukaribia ukuta vizuri, na kwa kuwa nguzo yake imesimama katikati yake, hakitikisiki. Udhaifu wake unaonekana pale ukuta unapoanza kupinda kuwa sakafu, katika tumbo la bakuli. Hapo chuma kilichonyooka hugusana na ukuta kwa ncha zake, ilhali katikati yake kimebaki mbali, na patasi aghalabu hupita katikati. Hapo ndipo kinapohitajika kile kilichopindwa kama mundu.

Kiegemeo hiki cha upinde ndicho wanachuo wengi hukitamani, kwa sababu umbo lake linafanana na bakuli. Tuseme wazi kwamba kina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba upinde wake lazima uwe mkali kidogo kuliko wa bakuli; upinde mpana ndani ya bakuli dogo hugusa kwa ncha mbili na kuacha pengo katikati, nao haukusaidii zaidi ya ule ulionyooka. Kwa hiyo upinde mmoja hautoshi kwa mabakuli ya kila ukubwa. Ya pili ni nzito zaidi. Ncha ya upinde iko mbali na nguzo inayoushikilia. Patasi ikiibonyeza ncha hiyo, kiegemeo chenyewe kinageuka kuwa nyenzo, nacho kitaipinda nguzo au kuizungusha katika tundu lake. Hapo tuna nyenzo juu ya nyenzo, na mtetemo unaoanzia chini utaonekana juu ya mti kama mistari iliyo sawa sawa ndani ya bakuli. Mwanafunzi akiiona mistari hiyo hudhani patasi haikunolewa, akaenda kunoa, akarudi, na mistari ikarudi naye.

Kipimo chetu ni rahisi. Funga kiegemeo mahali pake, kerezo likiwa limezimwa, kisha iegemee ncha ya upinde kwa kiganja na uzito wa mwili. Ikisogea hata kidogo, kikatae au kikatwe kiwe kifupi. Sisi hatupendi upinde ambao ncha yake imepita sentimeta 12 kutoka kwenye nguzo. Ama kile chenye umbo la herufi S, kinachokusudiwa kutumika ndani na nje, hatukipendekezi kwa shule wala chuo. Kinafanya kazi mbili, na zote mbili kwa unusu; fedha hizo zinatosha kutengenezea viwili vifupi.

Kinu ni jambo jingine, na katika wilaya nyingi ndicho mwalimu atakachokikuta kwa fundi wa kerezo kabla ya bakuli. Kinu kikubwa cha nyumbani huchongwa kwa shoka na tezo. Tunazungumzia hivi vidogo vya jikoni. Bakuli kwa kawaida hukatwa kutoka kwenye ubao mnene, nyuzi za mti zikilala kukingamana na mhimili, na ndani yake patasi huenda kutoka mdomoni kuelekea katikati. Kinu hukatwa kutoka kwenye gogo, nyuzi zikielekea njia moja na mhimili, na patasi huanzia katikati ikitoka nje kuelekea ukutani. Ukigeuza utaratibu huo unazichomoa nyuzi badala ya kuzikata. Kwa hiyo fundi wetu wa Kingolwira hutoboa kwanza tundu la katikati kwa keekee mpaka kina anachokitaka, akakilaza kiegemeo kukingama mdomo kwa sentimeta chache za mwanzo, na baadaye akakiingiza ndani kile cha vidole vinne, au kile cha L, ambacho mguu wake mmoja unaingia shimoni na mwingine unabaki nje pamoja na nguzo. Kiegemeo cha upinde hapo hakina kazi.

Sasa tuje kwenye kimo, ambacho hukosewa mara nyingi kuliko umbo. Anayetumia patasi ya kukwangulia ndani ya bakuli akiweke kiegemeo chini kidogo, hivi kwamba unene wa patasi ukiongezwa, makali yafike usawa wa kitovu cha mzunguko au milimita 2 hadi 3 juu yake, na mpini uwe juu kidogo kuliko makali. Sababu yake itaonekana ukichora duara ubaoni na kuligawa kwa mstari wa mlalo unaopita kitovu. Upande anaosimama fundi, mti unateremka. Makali yaliyo juu ya mstari, yakisukumwa chini, yanaukuta ukuta unaokwenda nje, ukiyakimbia. Yanaangukia penye nafasi. Makali yaliyo chini ya mstari, yakisukumwa chini, yanaukuta ukuta unaorudi ndani, yanazama ndani ya mti, na hapo ndipo yanaponasa. Nje ya bakuli mambo hugeuka kinyume. Mwanachuo aliyejifunza kukereza nje kwanza ataileta desturi ya nje ndani asipozuiwa, nasi tumewaona walimu wenye uzoefu wakifanya hivyo. Bobari, yaani patasi yenye mfereji, ina kanuni nyingine kidogo, kwa kuwa mgongo wake hugusa mti kabla ya makali. Lakini habari ya urefu usioegemezwa ni moja kwa zote.

Ni urefu gani basi usivukwe? Kwa patasi ya kawaida yenye unene wa milimita 10 sisi tunasimamia sentimeta 5. Fundi mwenye patasi nene na mpini mrefu atakwenda mbali zaidi na kurudi salama, tusimwige. Kanuni ya sentimeta 5 ina maana kwamba bakuli la kina cha sentimeta 10 litahitaji mota izimwe na kiegemeo kisogezwe mara nyingi. Kule Kingolwira tulihesabu: kwa bakuli moja fundi alizima mota mara saba. Kila mara alingoja mti usimame kabisa, akalegeza, akasogeza, akakaza, akalizungusha bakuli kwa mkono duara zima kuhakikisha kwamba halikigusi chuma, ndipo akawasha. Wanachuo waliona kwamba anapoteza muda. Mwanachuo wetu wa lile bakuli la mwembe alizima mota mara moja tu, nayo ilikuwa baada ya kuumia.

Kuhusu kupata viegemeo, si lazima vitoke dukani. Fundi wa kuchomea vyuma anaweza kuvitengeneza, endapo mwalimu atampelekea mchoro wenye vipimo na kumweleza mambo matatu. Nguzo ilingane na tundu lake bila kucheza. Ikicheza milimita moja chini, juu itacheza zaidi. Chuma cha juu kiwe laini usoni. Nondo za ujenzi zenye mikunjo hazifai, kwa sababu patasi inayoteleza juu yake hurukaruka kila mkunjo; atafute chuma cha duara kisicho na mikunjo, cha unene wa milimita 16 hadi 20. Kwa kiegemeo kilichonyooka, fito ya shokapu la gari ni nzuri sana, kwa kuwa ni ngumu na laini, lakini shokapu lifunguliwe na fundi wa magari, maana mengine yana gesi yenye mgandamizo ndani, na ule mng'aro wa juu ukwanguliwe penye kiungo kabla ya kuchomea, kwa kuwa moshi wake una sumu. Kwa upinde fito hiyo haifai. Kuipinda kunataka moto, na moto unaondoa ugumu wake. La tatu, kiungo cha nguzo na chuma cha juu kichomewe pande zote. Tumeona kimoja kilichochomewa nukta mbili tu kikiachana kazini.

Hata kiegemeo kizuri hupata mapengo madogo pale patasi inapokigonga. Patasi ikifika kwenye pengo hukwama, mkono husukuma, patasi huruka mbele. Dakika tano za tupa laini kila juma zinatosha, na baada yake kipande cha mshumaa kipitishwe juu ya chuma.

Sasa watoto. Tangu mwaka 1967, ilipotangazwa Elimu ya Kujitegemea, vyuo vyetu vimekuwa vikisema kwamba kazi ya mkono na maarifa ya kitabu vifundishwe pamoja. Katika shule nyingi kazi ya mkono iligeuka kuwa jembe asubuhi, na sayansi ikabaki ubaoni mchana. Kiegemeo kinatupa nafasi ya kuviunganisha, lakini kwa masharti. Mtoto wa shule ya msingi asisimamishwe mbele ya kerezo la mota. Hatulisemi hili kwa kusitasita: si darasa la tano wala la saba, si kwa dakika moja, si kwa ajili ya kumpendeza mkaguzi. Mtoto ampelekee fundi maswali, asimame mbali na mstari wa bakuli linalozunguka, aangalie, ahesabu. Jitihada na mzigo atavipima darasani kwa vitu ambavyo haviwezi kumdhuru.

Mahitaji ni kibuyu kilichokatwa nusu, kijiti kikavu chepesi cha sentimeta 50, chupa mbili za plastiki zenye kamba, kopo la kupimia maji na kipande cha ubao chenye ukingo. Kibuyu kinalazwa ubavu mezani, mdomo ukiwatazama watoto, kiwe bakuli letu. Watoto wakiingize kijiti ndani kama patasi, wakiulaza ubao mdomoni, wapime ni sentimeta ngapi zimetokeza ncha inapogusa tumbo la kibuyu. Halafu waulizwe: ubao huu ungekatwa vipi ili uingie? Wape kisu butu na mabua ya mahindi wajaribu maumbo. Katika darasa moja la Kingolwira watoto walitoa upinde, walitoa L, na kundi moja lilitoa kitu chenye miguu miwili ambacho hatujakiona kwa fundi yeyote, nacho kilisimama vizuri.

Baada ya hapo kibuyu kiondolewe. Kijiti kilazwe juu ya ukingo wa ubao uliofungwa imara juu ya meza, karibu na pembeni, chupa yenye lita moja ya maji ikining'inia kwenye ncha. Ncha itokeze sentimeta 10. Upande wa pili, mwishoni, itundikwe chupa tupu, na mtoto amimine maji ndani yake kidogo kidogo mpaka kijiti kilale sawa. Kwa hesabu yatatakiwa mililita 250. Ncha itokeze 15, yatatakiwa karibu 430. Itokeze 5, karibu 110. Itokeze 2, mililita 42 tu. Mwalimu asistaajabu akipata pungufu, hasa katika vipimo vidogo. Kijiti kina uzito wake, na sehemu kubwa yake iko upande wa jitihada, kwa hiyo kinausaidia mkono. Chupa tupu nayo si tupu kabisa. Usiwape watoto maelezo haya mapema. Waache walalamike kwamba hesabu yako imekosea.

Katika darasa lile lile mtoto mmoja, msichana wa nyuma aliyekuwa kimya muda wote, alimwuliza mwalimu mwanafunzi swali hili: kama tatizo ni kwamba upande wa mkono umekuwa mfupi, kwa nini fundi asitie mpini mrefu, akakiacha kiegemeo pale pale mdomoni? Mwalimu mwanafunzi alitutazama sisi tuliokaa nyuma. Swali lilikuwa la haki. Kwa hesabu ya nyenzo mtoto alikuwa amesema kweli: ncha ikitokeza sentimeta 10, mpini wa kufanya upande wa mkono uwe sentimeta 90 unarudisha faida ya mara 9, sawa na ile ya kutokeza 5 kwa patasi fupi. Na mafundi wengi wanaochimba vyombo virefu hufanya hivyo hasa.

Tulimshauri mwalimu aahirishe jibu mpaka kipindi kilichofuata, na aje na rula ya plastiki ya sentimeta 30. Siku hiyo aliibana rula kwenye ukingo wa meza kwa kitabu kizito na kiganja, sentimeta 10 zikitokeza, akaning'iniza ufunguo kwenye ncha, na watoto wakapima ncha imeshuka kiasi gani. Kisha sentimeta 20, ufunguo ule ule. Wengi walikisia kwamba itashuka mara mbili. Kanuni ya vitu vya namna hii ni kwamba urefu ukizidishwa mara mbili, mshuko huzidi mara nane, na ingawa vipimo vya watoto havikuwa safi, hakuna kundi lililopata chini ya mara sita. Yule msichana aliombwa aushike mwisho wa rula uliokuwa mezani, aukaze kwa nguvu zake zote, uwe ndio mpini. Aliukaza, akaiangalia ncha. Ilikuwa imeshuka pale pale, nayo ikiguswa ilikuwa bado inatetemeka.